Taa za Kariakoo na Upepo wa Mufindi: Historia ya Umiliki wa Umeme Tanzania

Mradi wa umeme wa upepo wa jamii ni ule ambao mitambo yake, yaani minara yenye mapanga makubwa yanayozungushwa na upepo ili kuendesha jenereta, ni mali ya wakazi wa eneo fulani kwa njia ya ushirika, hisa au mfuko wa kijiji, na ambao mapato yake, baada ya kulipa mkopo na matengenezo, hurudi kwa wakazi haohao. Katika Tanzania wazo hilo bado ni geni, ingawa nchi ina nyanda zenye upepo wa kutosha, hasa Singida na nyanda za juu za Iringa na Njombe. Ugeni wake hauwezi kuelezwa kwa hesabu ya kasi ya upepo peke yake. Chanzo chake kimo katika historia ya zaidi ya karne moja, iliyoanzia Dar es Salaam, ambamo mwananchi alizoeshwa kuuona umeme kuwa kitu cha kuletewa na kulipia, wala si kitu anachoweza kuwa na fungu lake ndani yake. Kariakoo ndipo mahali panapofaa zaidi kuitazamia historia hiyo, kwa kuwa ndiko umeme ulikochelewa kufika ingawa uliwaka karibu sana, na ndiko pia wakazi walikojifunza mapema kujenga mali ya pamoja kwa michango yao wenyewe.

Umeme wa kwanza wa umma katika Tanganyika uliwekwa na Wajerumani mjini Dar es Salaam mwaka 1908, kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji waliyoishi wao. Wakati huo Kariakoo ya leo ilikuwa bado shamba la mzungu aitwaye Schoeller, ambalo serikali ya Kijerumani ililinunua mwaka 1914 kwa nia ya kuwakalisha Waafrika, mbali kidogo na ufuko wa bahari. Vita vilikatiza mpango huo, Waingereza wakautwaa mji mwaka 1916 na kuweka pale kambi ya kikosi cha wapagazi, na jengo la soko lililoachwa na Wajerumani likaanza kutumika kama soko mwaka 1923. Serikali mpya iliugawa mji katika kanda tatu kwa njia ya masharti ya ujenzi: Uzunguni karibu na bahari, Uhindini penye maduka, na Uswahilini ambako nyumba za miti, udongo na makuti ziliruhusiwa. Katikati ya Uhindini na Kariakoo uliachwa uwanja wa wazi wa Mnazi Mmoja.

Masharti hayo hayakutaja umeme, lakini ndiyo yaliyoamua njia yake. Nyumba ya kudumu ya mawe au matofali, yenye mmiliki anayejulikana kwa hati na anayeweza kuweka amana, ilikuwa mteja. Nyumba ya udongo iliyojengwa kwenye kiwanja cha kukodi kwa mwaka haikuwa mteja machoni mwa mwenye kuuza umeme. Kwa hiyo nguzo zilifuata matofali, na kwa miaka mingi mtu aliyesimama Mnazi Mmoja usiku aliona upande mmoja taa za balbu, na upande wa pili mianga midogo ya vibatari na, kwenye vilabu na shughuli za harusi, mwanga mweupe wa karabai. Mafuta ya taa yaliyowaka katika vibatari hivyo yalinunuliwa kwa vipimo vidogo vidogo dukani, na mwenye kipato kidogo ndiye aliyelipa bei kubwa zaidi kwa kila saa ya mwanga aliyoipata.

Tukio kubwa katika habari ya umiliki lilitokea mwaka 1931. Serikali ya kikoloni, iliyokuwa ikiendesha mitambo ya umeme kupitia idara yake tangu mwaka 1920, iliikabidhi kazi hiyo kwa kampuni binafsi mbili. DARESCO ilipewa Dar es Salaam na miji ya njia ya reli ya kati, kama Dodoma, Tabora na Kigoma, na TANESCO ikapewa upande wa Tanga, ambako mashamba ya mkonge yalihitaji nguvu ya mashine na ambako maporomoko ya Mto Pangani yangeweza kuzalisha umeme. Mwaka mmoja tu baadaye, 1932, ilitungwa Sheria ya Vyama vya Ushirika, iliyowapa wakulima nafasi ya kuandikisha vyama vinavyomilikiwa na wanachama, na mwanzoni mwa mwaka 1933 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wakawa na chama chao kikuu, KNCU. Hatua mbili hizi, ya kuwapa wenye mitaji umeme na ya kuwapa wakulima ushirika, zilipishana kwa mwaka mmoja tu, na hakuna aliyezikutanisha. Ushirika ukawa jambo la mazao ya shamba. Umeme ukawa jambo la kampuni. Utengano huo, ambao haukuwa na sababu yoyote ya kiufundi, ndio uliodumu hadi leo, na ndio unaostahili kulaumiwa zaidi kuliko uhaba wa mitaji unaotajwa kila mara.

Wakati huohuo wakazi wa Kariakoo walikuwa wakionyesha kwamba mtaji wa pamoja unawezekana hata kwa watu wa kipato cha chini. African Association, iliyoundwa mwaka 1929 na makarani, walimu na wafanyabiashara wadogo wa mjini, ilijijengea ofisi yake katika New Street, sasa Mtaa wa Lumumba, kwa michango na kwa kazi ya kujitolea ya wanachama. Ndani ya nyumba hiyo ndimo TANU ilimoundwa tarehe 7 Julai 1954. Watu walioweza kusimamisha jengo kwa senti zao na mikono yao hawakukosa moyo wa kumiliki mtambo mdogo wa umeme. Walichokosa ni sheria na mlango wa kuingilia.

Baada ya uhuru, umiliki ulihama kutoka kampuni kwenda serikali. Mwaka 1964 serikali ilianza kununua hisa za kampuni zote mbili, na mwaka 1968 herufi ya kwanza ya TANESCO ikawa ya Tanzania badala ya Tanganyika. Mwaka huohuo wa 1964 kituo cha Hale kwenye Mto Pangani kilianza kazi, na njia ya msongo mkubwa ikauleta umeme wa maji hadi Dar es Salaam, ambayo hadi hapo ilitegemea zaidi mitambo ya dizeli. Mwaka 1975 Kidatu kwenye Mto Ruaha Mkuu kikaanza kuzalisha. Sera ya Ujamaa iliuhesabu umeme kuwa mali ya taifa zima, na hoja yake ilikuwa nzito: ni taifa tu lililoweza kujenga bwawa na kuvusha nyaya mamia ya kilomita. Hata hivyo mali ya taifa zima, katika maisha ya kila siku ya mpangaji wa Mtaa wa Sikukuu au Narung'ombe, ilibaki kuwa ofisi ya mbali yenye foleni ya kulipia ankara. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchini, na hata chombo ambacho kingeweza siku moja kuomba fungu katika umeme kikatoweka kwa miaka kadhaa, hadi sheria ya mwaka 1982 ilipokirudisha.

Katika kipindi hichohicho Kariakoo ilipata jengo ambalo, pengine kuliko jengo lolote la mji, lilitumia upepo kwa faida ya wengi. Shirika la Masoko ya Kariakoo lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1974, na soko jipya lililosanifiwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa mwanzo Waafrika katika Afrika Mashariki, lilifunguliwa mwaka 1975. Paa lake halikuwa la mabati ya mteremko bali la miavuli mikubwa ya zege iliyopinduliwa, kila mmoja ukisimama juu ya nguzo yake, na kati ya miavuli na kuta zikaachwa nafasi wazi. Hewa ya moto iliyopandishwa na miili ya maelfu ya wanunuzi, na joto la mboga na matunda yaliyorundikwa, ilitokea juu, huku upepo wa baharini ukiingia kwa pembeni bila feni wala mashine ya kupooza hewa. Mvua iliyoanguka katika miavuli ilishuka ndani ya nguzo hadi kwenye tangi chini ya ardhi, na chini huko pia, mahali wafanyabiashara wanapopaita shimoni, paliwekwa biashara ya jumla. Jengo la namna hiyo lilipunguza bili ya umeme ya kila siku kabla ya mtu yeyote mjini kuzungumzia nishati jadidifu, yaani nishati isiyokwisha kwa kutumiwa, kama jua, maji na upepo. Moto wa tarehe 10 Julai 2021 ulilijeruhi vibaya soko hilo, na katika kulikarabati lilistahili kutazamwa si kama kumbukumbu ya usanifu tu bali kama funzo la uchumi.

Umeme ulipokwisha kuenea Kariakoo, ulikuta nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uwani nyuma, na mara nyingi familia moja katika kila chumba. Nyumba kama hiyo ilipewa mita moja. Wapangaji ilibidi wakubaliane nani achangie kiasi gani, na mapatano hayo yalikuwa ya kina kuliko bei za shirika lenyewe: mwenye balbu moja na redio alitoa fungu dogo, mwenye pasi alitoa zaidi, mwenye friji ya kuuzia barafu alitoa zaidi ya wote, na asiyetoa alijua kwamba swichi ya chumba chake iko mikononi mwa wenzake. Ilipoingia mita ya LUKU, kifupi cha maneno Lipa Umeme Kadiri Unavyotumia, katika miaka ya 1990, michango hiyo haikufa; ilihamia kwenye kununua uniti kabla ya giza kuingia. Kwa maneno mengine, usimamizi wa pamoja wa umeme umekuwapo Kariakoo siku zote, lakini umeishia upande wa kulipa.

Risiti ya LUKU yenyewe ni hati ya historia. Pamoja na bei ya uniti na kodi ya ongezeko la thamani, huonyesha asilimia 3 inayokwenda kwa Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2005, na asilimia 1 ya mamlaka ya udhibiti, EWURA. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo nayo hukatwa humohumo. Mfanyabiashara wa Mtaa wa Kongo anayewasha taa za duka la vitenge amekuwa akichangia nguzo za vijiji ambavyo hatavifika, na ni jambo jema kwamba anachangia. Lakini mchango huo ni tozo, si hisa, na tozo haimpi mtu haki ya kuuliza, wala gawio, yaani sehemu ya faida inayogawiwa wenye mali.

Udhaifu wa mpango wa kuwa mlipaji tu ulionekana wazi katika miaka ya ukame. Umeme wa nchi ulipotegemea mabwawa, mvua zilipokosekana ulikuja mgawo, yaani kuzimwa kwa zamu, kama ilivyokuwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na tena mwaka 2006. Kila duka lililoweza liliweka jenereta barazani, moshi ukajaa vichochoro vya Msimbazi na Aggrey, na cherehani za mafundi wasio na jenereta zikasimama. Serikali ilitafuta mitambo ya dharura ya kukodi, na mkataba mmoja wa mitambo hiyo, wa kampuni ya Richmond, ulizua sakata lililomfanya Waziri Mkuu kujiuzulu Februari 2008. Gesi ya Songo Songo, iliyoanza kuendesha mitambo ya Ubungo mwaka 2004, na baadaye gesi ya Mtwara, ziliupa mji nafuu kubwa. Hata hivyo Mei 2013 watu wa Mtwara waliandamana kwa hasira wakipinga bomba la kuipeleka gesi hiyo Dar es Salaam, na vurugu zikagharimu maisha. Walichokuwa wakidai ni jibu la swali lilelile la mwaka 1931, isipokuwa safari hii lilitoka upande wa nishati inakochimbwa: nani ana fungu katika nguvu inayotoka kwake?

Kwamba Watanzania wanaweza kulijibu swali hilo wenyewe si dhana. Huko Urambo, katika Mkoa wa Tabora, wakazi wa mji mdogo uliokuwa mbali na gridi, yaani mtandao wa taifa wa nyaya za umeme, waliunda ushirika wa watumiaji umeme katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990, kwa msaada wa TANESCO na watafiti wa Sweden. Ushirika uliendesha jenereta za dizeli zilizokwisha kutumika kwingine, ukawasha umeme kwa saa chache za jioni, na ukapanga bei katika mikutano ya wanachama. Bei hiyo ilikuwa juu sana ikilinganishwa na ya TANESCO, na bado wanachama waliikubali, kwa sababu mwanga wake ulikuwa nafuu kuliko wa mafuta ya taa na kwa sababu wao ndio walioijua hesabu ya dizeli. Kufikia mwaka 2002 wateja walikuwa wameongezeka hadi kama 250. Mfano mwingine ni LUMAMA ya Ludewa, chama cha wakazi kinachoendesha mtambo wa maji wa Mawengi. Mifano hii miwili inastahili nafasi kubwa kuliko inayopewa katika maandiko ya nishati nchini, kwani inaonyesha ni nini hasa jamii hupata: mtu wa kijijini anayejua kusoma mita na kufunga waya, vitabu vya hesabu vinavyofunguliwa mbele ya wanachama, na bei inayopanda kwa sababu inayofahamika.

Upepo wenyewe si mgeni kwa mji huu. Dar es Salaam ilianzishwa na Sultani Majid katika miaka ya 1860 ukingoni mwa bahari ambayo biashara yake ilitegemea kaskazi na kusi, pepo mbili za msimu zilizoleta majahazi na kuyarudisha. Kugeuza upepo kuwa umeme kulianza baadaye sana, na mbali na pwani. Mwaka 2020 ulianza kazi mradi wa upepo wa Mwenga, Wilaya ya Mufindi, wenye megawati 2.4, ikieleweka kwamba megawati moja ni wati milioni moja. Ulijengwa na kampuni binafsi iliyokuwa tayari na mtambo wa maji wa megawati 4 katika eneo hilo, ikihudumia vijiji vya jirani na kuiuzia TANESCO ziada. Sababu ya kuongeza upepo ilikuwa ya msimu: kiangazi kinapopunguza maji ya mto, ndipo upepo wa nyanda hizo unapovuma kwa nguvu. Jambo hilo linaihusu Kariakoo moja kwa moja, kwa kuwa mgawo uliosimamisha cherehani zake ulitokana na mito kukauka.

Mwenga ni wa kampuni, si wa jamii, na tofauti hiyo ina uzito, kama Kenya ilivyojifunza kwa gharama. Mradi wa Kinangop, uliokusudiwa kuwa wa megawati 60, ulivunjika mwaka 2016 baada ya maandamano ya wakulima kuhusu ardhi, kabla ya mnara hata mmoja kusimama. Mradi wa Ziwa Turkana, wenye mitambo 365 na megawati 310, ulisimama, lakini mwaka 2021 mahakama iliyoketi Meru iliamua kwamba hati za ardhi yake zilitolewa bila kufuata utaratibu, kufuatia kesi iliyofunguliwa na wakazi. Kinyume chake, mwaka 2000 wakazi wa jiji la Copenhagen, Denmark, walishuhudia mitambo 20 ya Middelgrunden ikianza kuzunguka baharini mbele ya mji wao, nusu yake ikiwa mali ya ushirika wenye wanachama zaidi ya 8,000 walionunua hisa ndogo ndogo, na nusu nyingine mali ya shirika la umeme la jiji. Wanachama hao walikuwa watu wa mjini wasio na kipande cha ardhi chenye upepo. Afrika Kusini nayo, katika mpango wake wa zabuni ulioanza mwaka 2011, iliweka sharti kwamba jamii za karibu zimiliki angalau asilimia 2.5 ya kila mradi. Ni fungu dogo, lakini ni fungu linalotajwa katika mkataba.

Kwa Tanzania, faida za mradi wa aina hiyo kwa wenyeji zingepitia mifereji ambayo tayari ipo. Mnara mmoja hutwaa eneo dogo la ardhi, na mkulima huendelea kulima mahindi au kuchunga chini yake huku kijiji kikipokea kodi ya pango. Halmashauri ya wilaya hudai ushuru wa huduma, unaokokotolewa kwa asilimia ya mauzo. Barabara ya kupitishia mapanga hubaki kuwa barabara ya kupitishia mazao. Gawio ndilo ambalo halijapata mfereji, na ndilo kubwa, kwa sababu ajira za ujenzi huisha katika mwaka mmoja au miwili, lakini mtambo huzalisha kwa miaka ipatayo 20. Utaratibu wa miradi midogo ya umeme, unaoruhusu mzalishaji wa chini ya megawati 10 kuiuzia TANESCO kwa mkataba wa mfano uliokwisha kuandikwa, umekuwapo tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, na haukatazi ushirika kuwa mzalishaji. Fedha nazo zimeonekana: Februari 2024 mamlaka ya maji ya Tanga ilitoa hatifungani, yaani hati ya mkopo inayouzwa kwa umma kwa riba, ya zaidi ya shilingi bilioni 53, nayo ikanunuliwa yote na wawekezaji waliotaka kuweka akiba zao katika mabomba ya maji.

Akiba za Kariakoo, zilizomo katika SACCOS, katika VICOBA na katika michezo ya upatu wa wafanyabiashara, zingeweza kwenda njia hiyohiyo kuelekea minara ya Singida, Makambako au Mufindi, hasa sasa ambapo biashara ya saa 24, iliyozinduliwa mwaka 2025, imefanya taa za mitaa yake ziwe sehemu ya mtaji wa kila muuzaji. Sharti moja halina budi kutangulia: kijiji chenye upepo kipate hisa kabla ya mji wenye fedha, na hisa hizo ziandikwe siku ileile ardhi inapotolewa, ili wakazi wa nyanda hizo wasije wakaitazama Kariakoo kwa jicho ambalo watu wa Mtwara waliitazamia Dar es Salaam mwaka 2013.